Nusu ya Kushoto na Nusu ya Kulia

Siku ile kwenye studio ya picha walikuwepo Mama Tone, binti yake Tone wa miaka minne, wifi yake, na Babu, baba wa mume wake, ambaye alikuwa amejilaza chumba cha nyuma. Bwana Waya, muuza vifaa vya ofisi vilivyotumika, alikuwepo mpaka saa nane mchana, kisha akaaga. Baba Tone alikuwa safarini na lori lake. Hao ndio watu. Yule mwingine aliyeonekana mle ndani alasiri ile hakupita mlangoni.

Cha kwanza kwenda kombo kilikuwa harufu ya siki.

"Nani kamwaga siki humu?" Wifi aliuliza, mikono kiunoni, fagio kwapani.

"Ni filamu za Babu," Mama Tone alimjibu. "Zikizeeka hunuka hivyo. Hebu nisaidie kuinua hili sanduku."

Walikuwa wanasafisha meza ya pembeni ili wapate mahali pa kuweka skana mpya. Mpya kwao, maana ilishatumika kwingine. Babu alikuwa na masanduku mawili ya negativu, zile filamu zinazozaa picha, moja rafu ya karibu na mlango, la pili ndani ya kile kilichokuwa chumba cha giza, na miaka yote hakutaka yakae pamoja. Mtu akifagia, alirudishe kila moja mahali pake. Watoto wake walikua wakiicheka sheria hiyo.

"Masanduku ya Baba ni kama wake wenza," Wifi alisema, akashusha la pili juu ya la kwanza. "Leo wamepatanishwa."

Mama Tone alicheka, akachungulia chumba cha nyuma kuona kama kelele zao zimemwamsha mzee. Babu alikuwa usingizini. Tone alikuwa ameketi kando ya kitanda, ameshika kidole gumba cha babu yake, kile chenye ukucha mweusi uliounguzwa na dawa za kusafishia picha. Ndivyo Babu alivyombembeleza tangu akiwa mchanga. Alimpa kidole ashike, na yeye mwenyewe akatangulia kulala.

Wiki moja kabla, Mama Tone alikwenda dukani kwa Bwana Waya kutafuta skana. Siyo ya kunakili vyeti, hiyo kila mtu anayo. Alitaka ya kusomea negativu kubwa za enzi za kamera ya mbao ya Babu, kila moja pana kama viganja viwili vya mwanamume. Bwana Waya alimpangia tatu kaunta.

"Hii ya kwanza ni ya ofisini. Bei ya kutupa, lakini ukilaza negativu yako hapa, shemeji, utapata kitu cheusi kama kitako cha sufuria."

"Kwa nini?"

"Taa yake iko chini. Inagonga karatasi, inarudi. Negativu haitaki kugongwa, inataka taa ikae juu kwenye kifuniko, mwanga uipite ushuke." Akagusa ya pili kwa heshima. "Sasa hii kifuniko chake kizima ni taa. Unalaza filamu nzima, inasomwa kwa mara moja. Ila bei yake..."

Akaitaja. Mama Tone aliondoa mkono kwenye mashine ile taratibu, kama mtu aliyeshika mtoto wa wenyewe.

"Na hii ya tatu?"

"Hii ndiyo ya kina sisi. Ina taa ya juu, lakini ni mstari tu, upana wa vidole vinne. Filamu yako kubwa haienei. Utasoma nusu, uisogeze, usome nusu ya pili, kisha uziunge kwenye kompyuta. Na hapo kwenye kiungo ndipo kazi ilipo. Huku kweusi, huku kweupe, utaunga mpaka macho yatoe maji."

Mama Tone akatabasamu. "Ninayoihitaji imeshakatwa nusu mbili."

"Nani huyo akate negativu?"

"Babu. Nadhani mashine yake nayo ilikuwa ndogo."

Hilo ndilo lilikuwa kosa, na mtu asiyeishi kwa kazi ya picha asingelifanya; angeuliza kwanza kwa nini ilikatwa. Yeye aliona kipimo tu: vidole vinne kwa vidole vinne. Aliona bahati.

Bwana Waya alimulika kioo kwa tochi kutafuta mikwaruzo, akaiendesha mashine mara tatu, ameinamisha sikio asikilize mota. "Namba kubwa kubwa za kwenye boksi zisikubabaishe," alisema. "Tazama kioo, sikiliza mota, washa taa ya juu. Basi." Akaongeza waya bila kudai malipo, akasema ataileta mwenyewe, asije akabeba mzigo na mtoto mgongoni. Mama Tone hakusahau wema huo.

Na wema ndio ulimfikisha pale. Mkunga mstaafu wa mtaa wao hakuwa na picha ya mama yake mzazi. Alijua kwamba Babu aliwahi kuwapiga picha yeye na wazazi wake alipokuwa mdogo, na kila baada ya miezi michache alipita kuuliza. Babu, mtu mkweli kuliko mizani, humjibu akiangalia chini: "Ilipotea, dada. Nisamehe." Mkunga husema haidhuru, akaacha mfuko wa matunda, akaenda zake. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia.

Mkunga huyo ndiye aliyempokea Tone. Mtoto alitoka mdogo, bluu, hana sauti. Wengine walikwisha kuinamisha vichwa, lakini mama yule alimpulizia pumzi puani, akampulizia, mpaka kitoto kikapiga chafya. "Tone moja tu," alisema akilia, "lakini limo." Jina likabaki hilo. Kwa hiyo Mama Tone alipoona nusu ya negativu ndani ya sanduku la mlangoni, na nusu ya pili ndani ya lile la chumba cha giza, zote zina namba ileile kwa mwandiko wa Babu, alidhani mzee alisahau tu. Alitaka kumfurahisha Mkunga bila kumwaibisha Babu.

Bwana Waya alifunga nyaya, akajaribu, akaondoka. Mama Tone akalaza nusu ya kushoto juu ya kioo, akashusha kifuniko. Zzzrrr. Kimya. Zzzrrr. Kwenye kompyuta ikajitokeza nusu ya familia, nyeusi na nyeupe: mama aliyevaa kilemba, watoto wawili, na mwishoni kabisa, upande wa mkato, kisichana chenye macho ya udadisi.

"Huyu ndiye Mkunga!" Wifi akapiga kofi. "Tazama hayo macho. Hata hapo anataka kujua nani ana mimba."

"Kuna doa hapa ukingoni," Mama Tone alisema. Kweli palikuwa na kitu cheusi, kirefu, mahali makasi yalipopita.

Akalaza nusu ya kulia. Zzzrrr. Baba mwenye koti, kijana mmoja. Na doa tena, upande wa pili wa mkato.

Kwenye kompyuta Wifi akazivuta nusu mbili, akazisogeza mpaka zikagusana.

Zilishikana zenyewe. Hapakuwa na huku kweusi na huku kweupe kama alivyoonya Bwana Waya. Doa la kushoto na doa la kulia yakawa mtu mmoja. Alikuwa mrefu kupita baba wa familia, amevaa kitu cheusi kisicho na kifungo wala mshono, na uso wake ulikuwa mweupe, wenye subira, kama wa mtu aliyekaa foleni miaka mingi na sasa amesikia namba yake.

"Huyu nani?" Wifi alinong'ona. "Mkunga alisema walikuwa sita."

Umeme ukakatika. Feni ikazunguka polepole, ikasimama. Taa zikazimika. Lakini kompyuta iliendelea kuwaka, na skana, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza tena. Zzzrrr. Kimya. Zzzrrr.

"Chomoa waya, wifi."

"Nimeuchomoa," Wifi akasema, na waya ulikuwa mkononi mwake.

Harufu ya siki ikapanda mpaka ikawasha macho. Nyuma yao, sauti ndogo ikasema, "Mama, amenisogelea. Anasema pana nafasi."

Tone alikuwa amekaa juu ya kigoda cha wateja wa picha za pasipoti. Ameweka mikono magotini, mgongo umenyooka, katulia kama mtoto asivyotulia. Gauni lake lilikuwa la njano. Mama Tone alilifua mwenyewe asubuhi, akalianika. Sasa lilikuwa la kijivu. Ua jekundu la kwenye nywele lilikuwa la kijivu. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mama alimnyakua, na mwili wa mtoto ulikuwa baridi na mwepesi, kama kitu kilichokatwa kwenye karatasi.

"Tazama," Wifi alisema, akionyesha kompyuta. "Tazama picha."

Katikati ya picha ile ya nyeusi na nyeupe, kando ya yule mrefu, palikuwa na kitu kidogo cha njano.

Mama Tone hakungoja kuona zaidi. Aliukimbilia mlango wa kioo na mtoto kifuani, akasukuma, akavuta, akaupiga bega, na nje mtaa ulikuwa uleule wa kila siku, jua kali, fundi cherehani wa ng'ambo anamcheka mteja wake, baiskeli inapita, na yeye akapiga kelele mpaka koo likakwaruza, akapiga kioo kwa viganja viwili, na mwanamke mmoja akasimama upande wa pili, uso kwa uso naye, karibu kiasi cha kuhesabu kope zake, akarekebisha mtandio wake taratibu kama ajitazamaye kwenye kioo cha chumbani kwake, akalamba midomo, akaenda.

"Kwa nyuma!" Wifi akapiga kelele. "Mlango wa uani!"

Alitangulia yeye. Alipita ujia mwembamba, akalivuta komeo, akatoka uani, na Mama Tone aliyekuwa nyuma yake hatua tatu aliona mgongo wake ukizama kwenye mwanga wa jua, na papo hapo akasikia nyuma yake kengele ya mlango wa mbele, ule uliokataa kufunguka, akageuka, na aliyekuwa anaingia kutoka mtaani alikuwa Wifi, viatu mkononi, macho yamemtoka, anasema, "Sikugeuka, wallahi sikugeuka, nimekwenda mbele tu," na mlango ukajifunga nyuma yake, nao walipojaribu pamoja, wameshikana mikono, wakatoka uani bega kwa bega, wakakanyaga vigae vya studio, wakatoka tena, wakakanyaga vigae vilevile, na kila walipoingia skana ilikuwa imesoma mara moja zaidi, na ile njano kwenye picha ilikuwa imekua, imekuwa gauni, imekuwa gauni lenye mikono miwili, na mkono mmoja ulikuwa umeshikwa.

Mama Tone akaanguka magotini. Aliinamia uso wa mwanawe, akaanza kumpulizia puani kama Mkunga alivyofanya siku ile, akapuliza, akapuliza, na kila pumzi ilirudi usoni mwake ikinuka siki.

"Nani ameziweka pamoja?"

Babu alikuwa amesimama kwenye ujia, shuka begani, mkono ukutani. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo yeye mwenyewe.

"Mimi, Babu," Mama Tone akasema. "Nilitaka kumpa Mkunga mama yake. Nisamehe. Nisamehe, mtoto ananiishia."

"Usiombe msamaha kwa wema." Akaja taratibu, akaketi kwenye kiti cha mbele ya skana. Akaitazama picha kwa muda. "Waliketi sita. Mimi mwenyewe niliwapanga, nikasema acheni nafasi katikati, nitamhamishia mtoto hapo, picha ikae vizuri. Nikabonyeza kabla sijamhamisha. Ilipotoka walikuwa saba. Niliacha nafasi, naye akaingia."

"Ni nini, Baba?" Wifi aliuliza.

"Sijui jina lake, mwanangu. Hakai kwenye kitu. Hukaa palipoachwa wazi. Na akishapata pa kusimama, hutaka wa kusimama naye. Kile kisichana kilianza kufifia ndani ya siku mbili. Mama yake akaniletea, amekibeba hivyohivyo." Akamtazama Mama Tone. "Nikachukua makasi nikaikata negativu. Mtoto akapata rangi. Sikuthubutu kuichoma, nilijuaje kama sitamchoma na mtoto? Nikazitenga tu. Miaka yote namwambia Mkunga uongo."

"Basi kata tena!" Wifi akasema. "Baba, kata tena!"

"Imeshakatwa, mwanangu. Safari ile alikuwa bado hajamshika mtu mkono."

Zzzrrr. Kwenye picha, kidevu cha Tone kilianza kuonekana.

Babu akainua kifuniko. Mashine haikusimama, taa ilitembea chini ya kioo kama mnyama anayezunguka bandani. Akazilaza nusu mbili ubavu kwa ubavu, kisha akazitenga, akaacha uwazi katikati, upana wa mkono. Alifanya kazi kama alivyofanya maisha yake yote, anapima kwa jicho.

"Babu," Mama Tone akaelewa, akataka kuinuka, na mtoto alikuwa mwepesi mno mikononi, akaogopa kumwacha hata kwa mkono mmoja. "Babu, usifanye hivyo. Niweke mimi."

"Wewe una mtoto wa kulea. Mimi ndiye niliyeacha ile nafasi, mimi nitaijaza." Akanyoosha kidole gumba chake chenye ukucha mweusi kwa mjukuu wake. Vidole vya kijivu vya Tone vikakishika vyenyewe, kwa mazoea. Babu akakaa hivyo kidogo tu. Kisha akakitoa polepole, kama alivyokitoa siku zote mtoto akishasinzia. "Nikishaingia, zitenge. Usitazame, tenga kwanza. Moja mlangoni, moja chumba cha giza. Na mwambieni Mkunga haikupotea."

Akaweka kiganja juu ya kioo, katikati ya zile nusu mbili, akashusha kifuniko juu ya mkono wake.

Zzzrrr.

Taa ilipita chini ya kiganja kile polepole sana, na Mama Tone aliona mwanga ukipenya vidole vya mzee mpaka mifupa ikaonekana, na alisikia, si kwa masikio, kitu kirefu kikivuta pumzi kama anayechukizwa na alichopewa, na gauni la mtoto mikononi mwake likapata njano pindoni, kisha kiunoni, kisha begani, na uzito wa mtoto ukarudi wote kwa mpigo hata mikono ikamlegea, na Tone akapiga chafya.

Kimya. Kompyuta ikazimika.

Wifi ndiye aliyeinua kifuniko. Alifumba macho, akapapasa, akachukua nusu moja akaenda nayo mlangoni, akarudi, akachukua ya pili. Akapita nayo mbele ya baba yake bila kumtazama, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa, na machozi yakamdondoka njia nzima mpaka chumba cha giza.

Babu alikuwa ameketi palepale, kichwa kimeinama, kama aliyesinzia kazini. Mlango wa mbele ukafunguka. Fundi cherehani wa ng'ambo akaingiza kichwa. "Jamani, na ninyi umeme umekatika?" Akaona. Akavua kofia, akaingia, akamshika Babu kwa upole kama baba yake mwenyewe, akawaita watu.

Baada ya mazishi Mama Tone alimpelekea Mkunga picha ya nusu ya kushoto. Nusu peke yake, Babu alikaa nayo miaka yote bila madhara. Mkunga aliisogeza dirishani, akaileta karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Mama," alisema. Kisha akaweka kidole ukingoni, mahali palipokuwa na doa. Doa halikuwepo. Kwenye bega la kile kisichana palikuwa na ncha za vidole zilizotokea nje ya mkato, na kidole gumba kilikuwa na ukucha mweusi. "Na huyu aliyenishika bega ni nani?"

"Ni mtu mwema, mama," Mama Tone alimjibu. "Alikuwa anakuzuia usianguke."

Ua la nywele la Tone halikurudi kuwa jekundu. Mama yake alilifua mara nyingi, kisha akaliacha lilivyo. Mwaka ule, Tone akimlilia Babu, akitaka kidole chake, Mama Tone alitazama rafu ya mlangoni, akatazama chumba cha giza, akajua kwamba ni hatua kumi na mbili tu, na kwamba akizigusanisha kwa sekunde moja atamwona mzee amesimama pale katikati. Wala mzee hatakuwa peke yake; yule mrefu atakuwa naye. Siku nyingine alifika hatua ya tano.

Wifi aliolewa mwaka uliofuata, akahamia mji mwingine, na aliondoka na nusu ya kulia.